Gari la mafuta lina betri ya nini?

Najua nimekuwa kimya mno, na wengine mmeshaanza kuulizana kama huku baridi imenimeza. Sijamezwa, ni zamu za usiku tu. Leo nimerudi kulipa deni.

Deni lenyewe ni la mpwa wangu kule Morogoro. Aliona picha yangu nimeinama uwanjani nakichezea kigari changu, akanipigia simu: "Mjomba, si ulisema gari lako linatumia mafuta? Sasa hiyo betri ya nini?" Nilicheka, nikamwambia nitamjibu kwa maandishi ili na wengine mfaidi. Lakini kusema kweli cheko lenyewe lilikuwa la aibu. Swali hilo nilitakiwa niliulize mimi siku ya kwanza niliponunua kigari. Sikuuliza, na nusura nimuumize mtoto wa watu.

Kwa wasiokijua, kigari chenyewe si kile cha dukani cha kumpa mtoto siku ya Idi. Urefu wake ni kama nusu mita, uzito kilo tatu na nusu hivi. Injini yake ina ujazo wa sentimita 3.5 tu, yaani haujai hata kijiko cha chai, lakini inazunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika. Mafuta yake si petroli. Ni mchanganyiko wa methanoli, mafuta ya kulainisha na kitu kinaitwa nitromethani, ndiyo maana wenyewe wanayaita magari ya nitro. Yanakimbia kilomita 60 kwa saa na zaidi, na unayaongoza kwa rimoti ukiwa umesimama pembeni.

Nilikinunua mkononi kwa mtu, hapa hapa Leicester. Jumapili moja nikaenda nacho kiwanja cha wazi pamoja na mzee mmoja Mwingereza ninayefanya naye kazi, ambaye mchezo huu ameucheza tangu ujana wake. Asubuhi ile, kwa ubahili wangu, nilikuwa nimeokoteza betri nne za kawaida: mbili kwenye rimoti ya televisheni, moja kwenye saa ya ukutani, moja kwenye droo ya jikoni. Nikazipanga ndani ya kigari, usukani ukaitikia, nikaona mambo safi. Tukawasha.

Kwa dakika mbili tatu nilikuwa mfalme. Halafu nikakiongeza moto kwenye njia iliyonyooka, nikakata kona, na kigari kikaacha kunisikiliza. Nabonyeza breki, hola. Nageuza usukani, hola. Injini inalia moto wote na kigari kinakwenda zake, na mbele yake kuna mama amekaa kwenye nyasi na mwanawe mdogo. Nilipiga kelele kwa Kiswahili, jamani, Kiingereza chote kilinitoka! Mama yule alimnyakua mwanawe, kigari kikapita pale alipokuwa amekaa mtoto, kikaenda kujipigiza kwenye uzio. Hakuna aliyeumia. Lakini miguu yangu ilitetemeka mpaka nikakaa chini.

Yule mzee hakunigombeza. Alizitoa betri zangu moja moja, akazipima, akazitupa kwenye mfuko wa taka. Kisha akaniambia maneno ambayo nayaweka kwa Kiswahili changu: injini haina akili, akili yake yote iko kwenye betri. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma na kudodosa jambo hili lilianzia wapi. Haya, tukae kitako.

Anzeni na hili. Gari kubwa la petroli ukizima swichi, cheche za plagi zinakatika na injini inakufa. Umeme ni mlinzi wake. Injini ya nitro haina swichi. Plagi yake haitoi cheche. Ndani ina waya mwembamba uliosokotwa, wenye platinamu. Wakati wa kuwasha unaupa umeme kidogo, unakuwa mwekundu kama kaa la moto. Injini ikishika, unaondoa umeme wako, na waya unaendelea kuwaka wenyewe, kwa joto la mripuko uliopita na kwa namna platinamu inavyochochea mvuke wa methanoli. Kwa hiyo injini hii haimhitaji mtu wala betri. Mpe mafuta na hewa, atakimbia mpaka tangi likauke. Ukitaka kuizima kwa mkono unabana mpira wa mafuta au unaziba bomba la moshi.

Plagi ya namna hiyo ililetwa sokoni na Mmarekani Ray Arden mwaka 1947. Ilikuwa neema kubwa kwa watu wa ndege za mfano, kwa sababu kabla yake injini ndogo zilibeba koili na betri ya kutoa cheche, mzigo mzito kwa chombo cha kuruka. Arden akaitua mizigo ile. Injini ikawa nyepesi, ikawa huru. Uhuru huo huo ndio uliotaka kumjeruhi mtoto wa watu Leicester.

Sasa angalieni mwaka huo wa 1947, maana una mambo. Desemba yake, kule Marekani, wataalamu wa Bell Labs walitengeneza transista ya kwanza. Redio za mwanzo za kuongozea ndege za mfano zilitumia valvu, na valvu zinakula umeme na zinataka betri za volti nyingi. Transista ndiyo baadaye ikaifanya redio iwe ndogo na iridhike na betri chache. Na mwaka huo huo, Ufaransa, mtafiti aitwaye Neumann akafanikiwa kuiziba kabisa betri ya nikeli na kadimiamu, gesi zinazozaliwa ndani zikawa zinanyonywa humo humo. Plagi, transista na betri iliyozibwa: vitu vitatu, watu tofauti, mwaka mmoja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anafikiria kigari changu!

Hiyo betri ya nikeli na kadimiamu haikuzaliwa 1947. Umeme wa betri tunao tangu Mtaliano Volta aliposimulia rundo lake la sahani za madini mwaka 1800, lakini betri ile ikiisha imeisha. Mfaransa Gaston Planté ndiye aliyetengeneza betri ya risasi na asidi inayochajika, mwaka 1859, na ndiyo baba wa hizi mnazoziona kwenye daladala mpaka leo. Mwaka 1898 Nikola Tesla alionyesha pale Madison Square Garden, New York, boti ndogo iliyokuwa ikiongozwa kwa mawimbi ya redio na kuendeshwa kwa betri. Mwaka mmoja baadaye, 1899, Msweden Waldemar Jungner akabuni betri ya nikeli na kadimiamu. Ilikuwa ngumu, inachajika mara mamia, na inatoa umeme mwingi kwa mara moja bila kulegea. Ila ilikuwa wazi na ina maji ndani. Kitu chenye maji hakifai kwenye kigari kinachopinduka kila kona. Ndiyo maana kuzibwa kwake 1947 kulikuwa na maana.

Magari yenyewe yalichelewa kidogo. Kampuni ya Italia iliyoitwa El-Gi ilitoa Ferrari ndogo ya umeme inayoongozwa kwa redio, na Desemba 1966 ilikuwa ikiuzwa London. Nitro ikafuata haraka. Na hapa, ndugu zangu, mji wangu unaingia kwenye historia: kampuni ya Mardave ya hapa Leicester ilikuwa miongoni mwa za mwanzo Uingereza kuuza magari haya, na yale ya kwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1970, yalikuwa ya injini ya mafuta. Mwaka 1977 mchezo ulishakua hata yakafanyika mashindano ya kwanza ya dunia ya magari ya nitro, Pomona, California.

Mle ndani kazi ilikuwa ile ile ya leo. Kuna risiva inayopokea amri za rimoti. Kuna sevo mbili, yaani vimota vidogo vyenye mkono: mmoja unageuza magurudumu, mwingine unafungua na kufunga kabureta na kukamata breki. Vyote hivyo vinakula kwenye betri moja ndogo. Injini inakunywa chake, lakini hatamu zimeshikwa na betri.

Na hapo ndipo betri za kawaida zinapoumbuka. Nasi betri za kawaida tunazijua. Nani kati yenu hakukua na betri za National, zilizokuwa zikitengenezwa na kiwanda cha Matsushita pale Dar es Salaam? Wenzetu wa Kenya walikuwa na kiwanda cha Eveready cha Nakuru, kilichoanzishwa 1967 na kuacha kuzalisha 2014. Sote tunakumbuka redio ikianza kunong'ona, Bibi anazitoa betri, anazianika juani kwenye bati, na wengine walikuwa wanaziuma kwa meno. Na kweli redio ilirudi kidogo! Jua halikuwa linachaji kitu. Joto lilikuwa linaichangamsha kemia iliyobaki ndani, basi.

Redio inataka umeme kidogo kidogo, kwa hiyo betri iliyochoka inaweza kuidanganya kwa siku kadhaa. Sevo haidanganyiki. Kigari cha kilo tatu na nusu kikiwa kasi, sevo ya usukani ikitaka kugeuza magurudumu inavuta umeme mwingi kwa mkupuo. Betri ya kawaida ina ukinzani mkubwa ndani yake, na ikichoka unazidi. Ukivuta kwa nguvu, volti zinaporomoka, risiva inazimika, na sevo ya mafuta inabaki pale pale ilipokuwa. Kama ulikuwa umefungua moto wote, moto wote unabaki. Ndicho kilichonipata kwenye kona ile. Betri zangu nne zilitosha kugeuza usukani gari likiwa mezani. Barabarani hazikutosha.

Betri ya kuchaji inashangaza kidogo kwa hesabu. Moja ina volti 1.2 wakati ya kawaida mpya ina 1.5. Ukiweka nne unapata 4.8 badala ya 6. Mtu asiyejua anaona ya kawaida ndiyo yenye nguvu! Lakini 1.2 ile inasimama imara hata ukiivuta, mpaka inapokaribia kuisha, wakati 1.5 inashuka tangu dakika ya kwanza. Na dawa ya upungufu ule ilikuwa rahisi: wakaongeza ya tano. Betri tano za volti 1.2 ni volti 6 kamili. Ili zienee kwenye kikasha cha gari, zinafungwa tatu chini na mbili juu, zinafanya umbo lenye nundu. Mimi naiita betri ya nundu, kama ng'ombe wetu. Nundu ya ng'ombe ni akiba, na hii ni hivyo hivyo.

Tena nundu si peke yake. Rimoti niliyoshika mkononi ina betri nane, na nimezibadili zote kuwa za kuchaji. Kile kiwashio cha kuipasha plagi moto kina betri moja nene ya volti 1.2. Na wenye magari makubwa ya mashindano hutumia boksi la kuzungushia injini, ambalo mara nyingi linakula betri ya risasi ya volti 12, ile ile ya mzee Planté. Kwa hiyo, mpwa wangu, gari la mafuta limezungukwa na betri pande zote kama bwana harusi na wapambe wake.

Miaka mingi betri hizo zilikuwa za nikeli na kadimiamu. Tatizo kadimiamu ni sumu, haifai kutupwa ovyo kwenye udongo na maji. Mwaka 1989 betri za nikeli na haidraidi zilianza kuuzwa, hazina kadimiamu na zinabeba umeme mwingi zaidi kwa umbo lile lile. Mwaka 2006 Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria ya kuzuia kadimiamu kwenye betri nyingi ndogo. Ila nikeli na haidraidi za mwanzo zilikuwa na ugonjwa wao: zilivuja umeme zikiwa zimekaa tu. Unachaji leo, unaziweka kabatini, baada ya wiki kadhaa unakuta zimepungua vibaya. Kwa mtu wa nitro huo ni mtego, kwa sababu unakwenda uwanjani ukiamini umechaji. Mwishoni mwa 2005 kampuni ya Sanyo ya Japani ikatoa Eneloop, zinazokaa na chaji kwa muda mrefu hata mwaka. Baadaye Sanyo ikamezwa na Panasonic. Na Panasonic ni nani? Ni Matsushita yenyewe, iliyobadili jina 2008. Yaani betri zilizomo kwenye rimoti yangu leo ni za ukoo mmoja na zile za Bibi za kuanika juani! Siku nilipoligundua hilo nilikaa nikazitazama kama nimekutana na mtu wa kwetu stesheni.

Halafu ikaja lithiamu. Sony iliuza betri za kwanza za lithiamu-ioni mwaka 1991, na waliozitengenezea njia, Goodenough, Whittingham na Yoshino, walipata Nobeli ya kemia 2019. Kwenye magari ya nitro lithiamu iliingia kwa tahadhari. Betri mbili za lithiamu za kawaida zikijaa zinafika volti 8.4, na sevo nyingi za zamani zilitengenezwa kwa volti 6, kwa hiyo ziliungua mpaka watu wakaweka kifaa cha kupunguza. Lithiamu yenye chuma na fosfeti, iliyotokana na utafiti wa kundi la Goodenough kule Texas katika miaka ya 1990, ina volti 6.6 kwa betri mbili na ni tulivu zaidi. Wengi uwanjani wanaitumia. Mimi bado niko kwenye nundu.

Katikati ya miaka ya 2000 zikaja pia rimoti za gigahezi 2.4. Zamani, kwenye 27 na 40 megahezi, wawili wakitumia mkondo mmoja mmoja anamwibia mwenzake gari. Hizi mpya zikaondoa balaa hilo, lakini risiva za mwanzo zilikuwa na kisirani: volti zikishuka hata kwa kufumba na kufumbua, zinazimika na kuanza upya kama kompyuta, na sekunde hizo gari halina mwenyewe. Kadiri redio zilivyopata akili, ndivyo betri mbovu ilivyozidi kuwa hatari.

Na sasa kinachochekesha. Zile betri za lithiamu, pamoja na mota za umeme zisizo na brashi, zimekuwa na nguvu kiasi kwamba viwanja vingi magari ya umeme ndiyo yamejaa. Nitro yenyewe inabanwa hata na sheria: hapa Uingereza leo mtu binafsi akitaka mafuta yenye nitromethani zaidi ya asilimia 16 lazima awe na leseni, kwa sababu inaweza kutumika kutengenezea milipuko. Betri iliyoingia kwenye gari la mafuta kama mgeni wa kushika hatamu tu, sasa inaelekea kuwa mwenye nyumba. Mimi bado napenda ule moshi na ile harufu, siwezi kusema uongo. Lakini kila ninapowasha, namwona yule mama akimnyakua mwanawe.

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba wangu ulikuwa betri nne za kuokoteza, na tende lingeota kwenye mguu wa mtoto asiye wangu. Siku hizi napima nundu kabla ya kuwasha, si baada. Nimefunga kifaa kinachofunga moto na kukamata breki volti zikishuka au mawasiliano yakikatika. Na kwa kuwa hata kifaa hicho kinahitaji umeme, nimerudisha springi ndogo ya kuvuta kabureta ijifunge yenyewe betri ikifa kabisa. Mwenye gari wa kwanza alikuwa ameing'oa. Wala sikujua kama ilitakiwa kuwepo.

Basi mjomba, jibu lako hilo. Na najua ombi lako la pili, maana mama yako alishanidokeza: unataka kigari kama changu. Nikija Desemba sikuletei gari. Nakuletea betri nane za kuchaji na chaja yake. Nne utaziweka kwenye redio ya Bibi, nne zikae akiba, na kazi yako ni kuhakikisha redio ile haizimiki hata siku moja. Utaandika kwenye daftari lini umechaji na zimedumu siku ngapi. Redio ikinyamaza katikati ya matangazo ya vifo, Bibi atakufundisha umuhimu wa betri kuliko nilivyofundishwa mimi. Ukimaliza mwaka bila Bibi kunilalamikia, tutazungumza habari ya injini.

Msalimieni sana Bibi. Mwambieni zile za juani asizitupe shimoni karibu na kisima, aziweke kwenye kopo, nitazikuta.

Wasalaam, mpaka wakati mwingine.